Ngome za Mbulu Zilijengwa Kwenda Chini

Ulaya ya zamani, bwana mwenye ardhi aliyeogopa maadui alijenga mnara wa mawe. William wa Normandy alianza Mnara Mweupe wa London katika miaka ya 1070, mlango ukawekwa ghorofani. Kilwa, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri la Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14. Wote wawili walitaka kuonekana. Wairaqw wa Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, walitaka kinyume chake.

Huko Irqwar Da'aw, nchi inayojulikana pia kama Mama Isara, familia ilichimba kwenye mteremko hadi mlima wenyewe ukawa ukuta wa nyuma. Nguzo zilibeba paa bapa la miti, na juu yake ukamwagwa udongo. Ukitokea upande wa juu ungeona nyasi tu. Ungeweza kukanyaga paa la mtu usijue. Mlango ulikuwa mmoja, tena mfupi: anayeingia huinama, na aliyeinama harushi mkuki. Ng'ombe walilala ndani na watu, maana wavamizi wa Kimasai walifuata ng'ombe. Moshi, samadi na giza. Wala sioni haja ya kuyapamba maisha hayo. Jirani zao Wadatoga wa Hanang, wafugaji, walitegemea boma la miiba.

Mwenye ngome alikuwa nani? Mkulima yeyote. Wairaqw hawakuwa na mfalme. Wazee waliamua mambo ya ardhi, na qwaslare, wataalamu wa tambiko, walisikilizwa bila kuwa watawala. Machifu walikuja na ukoloni. Ndiyo maana hakuna hati ya kasri wala orodha ya watawala, na mtafiti huishia kutegemea kumbukumbu za koo na maandishi machache, kama ya Henry Fosbrooke, afisa wa kikoloni aliyezieleza nyumba hizi miaka ya 1950.

Kwa muda mrefu ilidaiwa kwamba Wamasai ndio waliowabana Wairaqw milimani hadi wakalazimika kulima kwa ustadi mkubwa eneo dogo. Mwaka 2004 Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm alilipinga dai hilo: kilimo kile kilikua taratibu, kwa jasho la vizazi. Nakubaliana naye. Nyumba inaeleza hofu, haielezi shamba.

Sotoka ilipofyeka mifugo ya Wamasai mwanzoni mwa miaka ya 1890, uvamizi ulipungua. Baadaye Wairaqw wakasambaa hadi Karatu na Hanang, wakajenga juu ya ardhi. Nyumba ya chini ikiachwa, mchwa hula nguzo, paa hubomoka, mvua hujaza udongo. Hubaki shimo mteremkoni, na trekta hulisawazisha kwa asubuhi moja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hailindi majengo ya mawe peke yake. Inataja pia mahandaki na machimbo ya binadamu ya kabla ya 1863. Ukiwa na shimo la namna hiyo shambani kwako, usilifukie kabla wazee wa ukoo hawajakueleza lilikuwa la nani, na afisa utamaduni wa wilaya hajaja kulipima.