Pumu ya Ngozi: Pesa Iende Kwenye Mafuta

Ukimnunulia mafuta mtoto mwenye pumu ya ngozi, usianze na jina la kopo, anza na gramu. Tuseme kopo la gramu 250 ni shilingi 5,000: kila gramu ni shilingi 20. Krimu ya gramu 50 kwa shilingi 15,000 ni shilingi 300 kila gramu. Tofauti hiyo inauma, maana ngozi yenye pumu hii inakula mafuta. Mtoto anayepakwa mwili mzima anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki.

Je, la ghali linasaidia zaidi? Huko Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol waliwagawa watoto 550 kwenye losheni, krimu, jeli na marhamu. Matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha aina iliyoishinda nyingine. Kwa hiyo mafuta ya mgando yanatosha, mradi hayana manukato. Hapo soma vizuri, kwani makopo mengi ya watoto yananukia. Ukikuta “parfum” kwenye orodha, rudisha. Joto likifanya mgando unate, paka krimu mchana na mgando usiku. Mafuta ya nazi si mabaya. Ya zeituni yabaki jikoni, yanadhoofisha ngozi.

Kinachonikera ni tyubu ya mchanganyiko. Mzazi anaomba dawa ya vipele, anapewa tyubu moja yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali. Vipele vinazimika upesi, naye anaendelea kupaka kwa miezi, mpaka ngozi inakuwa nyembamba na kupata michirizi. Geuza boksi usome. Clobetasol, steroidi kali ambayo ndiyo pia inayotiwa kwenye mikorogo, isiguse uso wa mtoto bila daktari.

Steroidi yenyewe si adui. Hydrocortisone ya asilimia 1 ni dhaifu, na ikipakwa kwa siku chache ngozi inapowaka inasaidia sana. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza: ni kama nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Tyubu ya gramu 15 inakupa mistari 30 hivi. Tacrolimus, dawa ya kupaka isiyo steroidi, ni ghali, ila haipunguzi unene wa ngozi, ndiyo maana madaktari huiandika kwa kope na shingo.

Vidonda vikitoa maji au ukoko wa njano, nenda hospitali kabla ya kununua chochote. Na nguo au shuka iliyolowa mafuta huwaka upesi, kwa hiyo iwe mbali na jiko la mkaa.