Mwanagenzi wa kilimohai hufunzwa na udongo

FIMBO iliyochongwa ncha ndiyo kipimajoto cha mwanagenzi wa kilimohai. Huchomekwa katikati ya rundo la mboji, ikaachwa humo siku chache, kisha ikachomolewa na kushikwa kiganjani. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, mboji inaoza ipasavyo. Ikitoka kavu na yenye ukungu mweupe, rundo linahitaji maji. Ikitoka baridi, huenda majani mabichi au samadi ni haba, au hewa haipiti.

Anayetumia mbolea ya dukani anaweza kusoma maagizo kwenye mfuko. Mkulima wa kilimohai hana mfuko wa kusoma. Ndiyo maana mafunzo yake hufanyika zaidi shambani kuliko darasani.

Njia hii ya kufundisha ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo 1967, Mwingereza Alan Chadwick alianzisha bustani katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, nchini Marekani, akawafunza vijana kwa kulima nao. Mbinu zake, zilizochota pia kwa wakulima wa mboga wa Ufaransa, ziliendelezwa na John Jeavons wa shirika la Ecology Action kuanzia 1972. Mnamo 1984, kituo cha kilimo cha Manor House kilifunguliwa karibu na Kitale, na mbinu hizo zikawa msingi wa mafunzo yake. Taasisi ya Kilimohai ya Kenya (KIOF) ilifuata mnamo 1986.

Somo linalomtoa mwanagenzi jasho ni tuta la kuchimbwa mara mbili. Huchimba mtaro wenye upana na kina cha sentimita 30, udongo wake akauweka kando. Kisha hushika uma wa kulimia na kulegeza sakafu ya mtaro kwa sentimita nyingine 30, bila kuupindua udongo wa chini. Udongo wa mtaro wa pili hujaza wa kwanza, wa tatu hujaza wa pili, hadi mwisho wa tuta, ambapo ule uliowekwa kando hurejeshwa. Akikanyaga sehemu aliyokwisha kuilegeza, itambidi airudie. Mizizi sasa inaweza kushuka badala ya kutambaa, hivyo mboga hupandwa karibu karibu, na majani yake hufunika udongo usikauke upesi.

Ni kazi ngumu, na wanaowaambia vijana kwamba ni rahisi wanawahadaa. Ekari nzima ya mahindi haichimbwi hivyo. Mbinu hii ni ya bustani ya mboga. Nafuu ni kwamba tuta likishakomaa halihitaji kuchimbwa kwa kina kila msimu.

Hata hivyo, mtihani mkubwa zaidi humsubiri mwanagenzi nyumbani. Mara nyingi shamba ni la baba, nalo limezoea DAP. Mnamo 2022, mfuko wa kilo 50 ulipopita Sh6,000, ilikuwa rahisi kuwashawishi wazazi. Bei iliposhuka hadi Sh2,500 mwaka uliofuata kwa ruzuku ya serikali, hoja ya gharama ikapoteza makali. Isitoshe, udongo uliochoka haufufuki kwa msimu mmoja, na mavuno ya kwanza yanaweza kupungua. Familia inayoyategemea kwa karo na chakula ina haki ya kuogopa.

Kwa hivyo ni heri kijana asiliguse shamba la mahindi kwanza. Aombe kipande nyuma ya jikoni, karibu na zizi la mbuzi, achimbe tuta moja la sukumawiki. Kiangazi kikija, mzazi ataliona mwenyewe kila apitapo.

Naye anayetafuta chuo aulize mambo mawili kabla ya kulipa karo: mwanafunzi hushika jembe saa ngapi kwa wiki, na je, mboga zinazopikwa katika jikoni la chuo hutoka shambani mwake au sokoni?