Injini Iliyochoka, au Hewa Nyepesi?

Ichukuliwe mfano wa gari dogo lililokwisha kwenda kilomita 250,000 katika joto la Dar es Salaam, kisha likahamia Mbeya pamoja na mwenyewe. Haupiti muda, vilima ambavyo magari mengine huvipanda kwa gia ya tatu, lenyewe hudai gia ya pili. Fundi hutikisa kichwa: ringi zimekwisha, injini ifunguliwe. Gharama ya kuifungua ni kubwa. Je, kabla ya spana kushikwa, fizikia ya sekondari haina neno la kusema?

Nguvu ya injini ni kazi ifanyikayo katika kila sekunde. Kipimo cha nguvu-farasi, ambacho ni sawa na wati 746, kilitokana na James Watt, aliyetaka wanunuzi wa injini zake za mvuke wazilinganishe na farasi waliowazoea. Mnamo mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alibuni breki ya kubana mhimili unaozunguka, ili nguvu yake ipimwe kwa mizani. Mitambo ya leo ya kupimia injini ni wajukuu wa breki hiyo. Haipatikani katika kila mji. Lakini barabara tambarare isiyo na magari, pamoja na saa yenye mshale wa sekunde, hupatikana.

Tuseme gari, dereva na msaidizi anayeshika saa wana jumla ya kilo 1,250. Katika gia ya tatu dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho, na mwendo hupanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, yaani kutoka mita 11.1 hadi 22.2 kwa sekunde. Nishati-mwendo huongezeka kwa jouli 231,000 hivi. Ikiwa zimetumika sekunde 12, nguvu iliyoongeza mwendo ni kilowati 19.3.

Hiyo si nguvu yote, kwani sehemu nyingine imeliwa na upinzani wa hewa na wa matairi. Ili kuijua, gari hufikishwa tena kwenye kilomita 80, gia huwekwa fri huku injini ikiendelea kunguruma (breki na usukani huenda vikaitegemea), na saa huhesabu mpaka mwendo ushuke hadi 40. Zikipita sekunde 44, upotevu ni kilowati 5.3. Jumla ni kilowati 24.6, karibu nguvu-farasi 33, kwa wastani. Majaribio hurudiwa kwa kuelekea upande wa pili, ili upepo na mteremko usioonekana kwa macho visidanganye.

Jaribio hili la pili lina faida nyingine. Gari likisimama upesi mno, kosa si la injini: breki imeng'ang'ania, au matairi hayana upepo wa kutosha. Rimu moja yenye joto kuliko wenzake humtaja mkosaji.

Lakini Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho hata ikiwa mpya. Kabureta iliyorekebishwa pwani huzidisha hasara, maana humimina petroli kwa hewa isiyokuwepo, na moshi hutoka mweusi. Kwa hiyo kilowati 24.6 za Mbeya zilinganishwe na za gari la aina hiyo hiyo lililopimwa Mbeya.

Hata geji ya mgandamizo, ambayo fundi huiamini, huathirika. Silinda iliyosoma kilo 12 kwa sentimita mraba huko Dar es Salaam itasoma karibu 10 tu Mbeya, ingawa ringi ni zile zile. Tarakimu moja peke yake haitoshi kuihukumu injini. Kinachofaa kuangaliwa zaidi ni tofauti baina ya silinda. Tatu zikisoma 10 na ya nne 6, hapo pana ugonjwa. Kijiko cha oili hutiwa kupitia tundu la plagi ya silinda hiyo, kisha hupimwa tena. Kipimo kikipanda, oili imeziba nafasi ya ringi zilizolika. Kikibaki pale pale, valvu ndiyo ivujayo, au gasketi. Na silinda mbili zilizopakana zikiwa dhaifu pamoja, gasketi hushukiwa kwanza. Na zote nne zikisoma 10, kazi ya kwanza ya fundi ni kurekebisha kabureta.