Fahamu: Mtoto anapopinga kila anachoambiwa

Mtoto wa miaka 6 anaambiwa avae viatu. Anakataa, anatupa kimoja mlangoni, kisha anasema dada yake ndiye aliyemchokoza. Ikitokea mara moja moja, huo ni utoto. Wataalamu huanza kufikiria tatizo la ukaidi na upinzani sugu pale hali inapodumu angalau miezi 6: hasira za haraka, ubishi na wakubwa, kusingizia wengine makosa yake, kulipiza kisasi. Ugomvi na ndugu zake pekee hautoshi. Mara nyingi tatizo hili huambatana na lile la kushindwa kutulia na kuwa makini, ndiyo maana uchunguzi wa daktari ni muhimu.

Mwanasaikolojia Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, alieleza jinsi familia inavyonasa kwenye ugomvi wa aina hii. Mzazi anaamuru, mtoto anapiga kelele, mzazi anachoka na kuachia. Mtoto amejifunza kuwa kelele zinalipa. Siku nyingine mzazi anafoka mpaka mtoto anatii, naye mzazi anajifunza kuwa kufoka kunalipa. Fimbo huzidisha ugomvi huo, na nasema hivi nikijua wengi wetu tumelelewa nayo.

Kinachosaidia zaidi ni mafunzo kwa wazazi. Toa amri moja, fupi, kwa sauti ya kawaida: "Weka daftari mezani." Akitii, msifu papo hapo na utaje alichofanya. Asipotii, adhabu iwe ndogo, ya haraka na isiyobadilikabadilika, mfano kukosa katuni jioni hiyo. Mwalimu naye ashirikishwe, ili shuleni wafuate utaratibu huohuo.