Lebo Mbili Juu ya Chupa Moja ya Damu

Kuainisha, yaani kuviweka vitu au watu katika makundi kwa kufuata sifa zao, ni kazi ambayo tiba haiwezi kuiacha, na damu ni ushahidi tosha. Kabla ya Karl Landsteiner kubainisha makundi ya damu jijini Vienna mwaka 1901, kumwongezea mgonjwa damu kulikuwa kubahatisha uhai wake. Seli nyekundu hubeba antijeni, yaani alama zinazouwezesha mwili kutambua kilicho chake na kilicho kigeni, na mtu wa kundi O akipewa damu ya kundi A, kingamwili zake huzishambulia seli hizo na kuzipasua, hata figo zinaweza kushindwa kufanya kazi na mgonjwa akafa.

Mgawanyo huo unafaa kwa sababu umesimama juu ya tofauti ileile inayoamua kupona au kufa. Nchini Marekani, hata hivyo, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, damu ilibandikwa lebo nyingine: Shirika la Msalaba Mwekundu la nchi hiyo, ambalo awali lilikataa damu ya watu weusi, lilianza kuipokea mwaka 1942 kwa sharti kwamba itengwe na ya weupe, na utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1950. Charles Drew, daktari mweusi aliyekuwa ameongoza ukusanyaji wa damu kwa ajili ya Uingereza, aliupinga kwa hoja kwamba haukuwa na msingi wa kisayansi. Lebo hiyo haikumkinga mgonjwa hata mmoja, bali iliwadhalilisha watu waliokuwa wakijitolea kuokoa wengine.

Haifai, kwa upande mwingine, kudhani kwamba asili ya mtu haina maana yoyote. Wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu mfano wa mundu, huongezewa damu mara nyingi, na huko Ulaya na Marekani damu inayowaafiki hupatikana kwa urahisi zaidi kwa wachangiaji wenye asili ya Afrika, kwa kuwa zipo antijeni nyingi za kurithi mbali na A na B. Lakini selimundu yenyewe ilifuata malaria wala haikufuata rangi ya ngozi, kwani aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu imo pia India, Saudi Arabia na Ugiriki, na daktari anayeihesabu kuwa maradhi ya watu weusi anaweza kuchelewa kuigundua kwa mtoto wa Kigiriki.

Asili, basi, huelekeza pa kuanzia kutafuta, na kipimo ndicho hutoa jibu. Hata lebo za makundi zinapolingana, mtaalamu wa maabara kwa kawaida huchanganya kwanza seli za mchangiaji na majimaji ya damu ya mgonjwa, akatazama kama zitashikamana, ndipo mfuko uruhusiwe kwenda wodini.