Unga wa Nguvu na Njia za Damu

Labda umeona katika mji mkebe wa unga, na juu yake picha ya mtu mwenye mikono minene. Muuzaji anasema: «Kunywa unga huu mbele ya kucheza mpira ao kulima. Damu yako itapita vizuri, nawe hutachoka.» Kitu kilicho ndani kinaitwa arjinini ao sitrulini. Kijana anatoa feza zake zote. Tena baba mwenye ugonjwa wa moyo anasikia habari ya damu kupita vizuri, naye anatamani. Basi, inafaa tujue ukweli wa unga huu mbele ya kuununua.

ARJININI NI KITU GANI?

Mwili wako umejengwa kwa protini. Protini ni kama nyumba ya matofali, na kila tofali linaitwa asidi amino. Kuna aina 20 za matofali haya. Aina 9 mwili hauwezi kuzifanya. Lazima zitoke katika chakula. Arjinini si moja ya zile 9. Mtu mzima mwenye afya anaifanya ndani yake mwenyewe, tena anaipata katika karanga, maharagi, samaki, nyama na mayai. Ukila gramu 100 za karanga, unapata karibu gramu 3 za arjinini.

Sitrulini ni ndugu yake. Wataalamu wa Japani waliitoa katika maji ya tikiti mwaka 1914. Figo zinaigeuza kuwa arjinini.

INAFANYA NINI KATIKA DAMU?

Mishipa ya damu si kama bomba la chuma. Kuta zake zinaweza kukaza na kulegea. Ngozi nyembamba ya ndani ya mshipa inachukua arjinini na kutoa hewa kidogo sana inayoitwa oksidi ya nitriki. Hewa hii inalegeza ukuta. Mshipa unapanuka, damu inapita bila shida. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa zawadi ya Nobel mwaka 1998 kwa kuvumbua kazi ya hewa hii.

Neno hili ni la kweli. Lakini wauzaji wanaongeza juu yake neno lingine: ya kama mtu akimeza arjinini nyingi, nguvu itaongezeka vile vile. Neno hilo ndilo tunapaswa kulipima.

JE, INALETA NGUVU?

Fikiri fundi aliye na matofali ya kutosha kiwanjani. Ukimletea gari lingine la matofali, hatajenga upesi zaidi. Damu ya mtu mwenye afya ina arjinini ya kutosha. Tena sehemu kubwa ya arjinini inayomezwa inaharibiwa katika matumbo na maini mbele ya kufika katika mishipa. Kwa sababu hii watu wengi wenye afya waliopimwa hawakupata nguvu kuliko wale waliopewa unga mtupu.

Sitrulini inapita maini bila kuharibiwa, kwa hiyo inapandisha arjinini ya damu vizuri zaidi. Katika majaribio mengine ilisaidia kidogo. Katika mengine hapakuwa na tofauti. Faida yake, kama iko, ni ndogo.

HATARI YAKE

Sasa sikiliza vizuri, wewe mwenye ugonjwa wa moyo. Wanganga wa Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, Marekani, walitaka kusaidia watu waliokwisha kupigwa na ugonjwa wa moyo. Wagonjwa walikuwa 153. Wengine walipewa arjinini, hata gramu 9 kwa siku. Wengine walipewa dawa ya mfano isiyo na kitu. Watu 6 wa arjinini walikufa. Kwa upande mwingine hakufa hata mmoja. Wanganga wakasimamisha jaribio, wakatoa habari hii mwaka 2006, wakaonya kama mtu aliyepigwa na moyo asipewe arjinini.

Tena unga huu unaweza kushusha damu mno kwa mtu anayemeza dawa za damu kupanda, dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, ao dawa za nguvu za mume. Atasikia kizunguzungu, ataanguka. Na arjinini nyingi kwa mara moja inaleta kuharisha.

UFANYE NINI?

1. Kama una ugonjwa wa moyo, usinywe unga huu. Usiache dawa za munganga kwa ajili yake.

2. Kama umekwisha kuunywa, mwambie munganga. Usione haya, hakuulizi kwa kukuhukumu, bali asikupe dawa itakayogombana nao.

3. Kifua kikiuma ao kukazwa, njoo hospitali upesi, hata usiku. Usingoje kuona kama unga utasaidia.

4. Nunua chakula. Bugali ya mahindi peke yake ina upungufu wa lisini, moja ya matofali yale 9. Maharagi yana lisini, lakini yana upungufu wa methionini, na mahindi yanayo. Ukivila pamoja, kimoja kinajaza upungufu wa kingine. Ongeza ndagala, karanga ao yai ukipata.

5. Kijana, fanya mazoezi kila siku, kunywa maji safi, lala usiku wa kutosha. Mwendo wenyewe unazoeza mishipa kupanuka, na hauuzwi katika mkebe.

Feza za mkebe mmoja zinaweza kununua maharagi ya nyumba nzima. Wapelekee watoto wako hayo.