Sura ya Tano: Rafiki wa Siku Njema

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeiandikia insha, na tumeikuta kwenye kanga za mama zetu. Wengi wetu tukiulizwa rafiki wa kweli ni yupi, jibu huwa tayari: ni yule aliyekuja nilipofiwa. Sura hii haikusudii kuipinga methali. Inakusudia kuonyesha kwamba tumeisoma haraka mno. Kwa jinsi tunavyoishi Afrika Mashariki, msiba peke yake hautoshi kumtenga rafiki na mtu mwingine yeyote mwenye adabu.

Utazame msiba wenyewe. Habari ikishatoka, haipiti saa nyingi turubai limefungwa, viti vya kukodi vimeshushwa, mweka hazina ameteuliwa, na kikundi cha WhatsApp kimeanza kuorodhesha rambirambi. Anakuja jirani mliyenuniana mwaka mzima. Wanakuja wafanyakazi wenzako wasiojua hata unaishi mtaa gani. Wote wamefanya jema, na hakuna wa kubezwa. Lakini wengi wao wameitikia wito wa desturi, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba anayesusia misiba ya wenzake, wa kwake nao utasusiwa.

Dhiki inayomfichua rafiki ni ile inayobaki matanga yakishaanuliwa. Ni maradhi yasiyopona mapema, kesi inayoahirishwa kila mwezi, mwaka wa pili bila kazi. Hapo hakuna turubai wala daftari la michango, na hakuna atakayemsema mtu akiacha kuja. Anayepiga simu wiki ya sita, bila kuwa na shida yake ya kukuomba, huyo ndiye aliyekusudiwa na methali.

Hiyo ni alama ya kwanza. Watafiti wa saikolojia wametuongezea nyingine, na iliyo na uzito zaidi inatoka upande ambao methali yetu haikuutaja: upande wa neema.

Anaipokeaje habari yako njema?

Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, Shelly Gable, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu jambo ambalo watafiti wengi walikuwa wamelipita. Waliuliza: mtu wako wa karibu hufanya nini mambo yako yanapokunyookea? Waliochunguzwa zaidi walikuwa wapenzi na wanandoa, lakini mgawanyo uliopatikana unawafaa marafiki vilevile. Habari njema, walisema, hupokewa kwa namna nne.

Tuseme umepandishwa cheo. Ulikuwa karani wa ghala, sasa umekuwa msimamizi wake. Unawaambia rafiki zako wanne.

Wa kwanza anaruka: "Acha wee! Hebu kaa unieleze. Walikuita ofisini au walikuandikia? Unaanza lini? Mama ameshajua?" Huyu anaikunjua habari yako, na kwa kila swali unaifurahia upya.

Wa pili anasema, "Hongera bwana," kisha macho yanarudi kwenye simu.

Wa tatu anakunja uso: "Msimamizi wa ghala? Si ndiyo kazi ya kulala saa saba usiku hiyo? Na mali ikipotea watakukata wewe."

Wa nne hata haigusi: "Afadhali yako. Mimi jana mwenye nyumba kanipandishia kodi, yaani sijui nifanyeje."

Kati ya mapokezi haya manne, ni lile la kwanza tu lililoambatana na uhusiano wenye kuaminiana, ukaribu na kuridhika. Matatu yaliyobaki yaliambatana na uhusiano dhaifu. Angalia vizuri kwamba hata "hongera bwana" imo katika hayo matatu. Tumezoea kudhani kwamba asiyetuonea wivu waziwazi yuko upande wetu. Utafiti huu unasema ubaridi nao una gharama yake.

Mtu anaweza kupinga: mbona harusini tunajaa, tunachanga, tunacheza hadi alfajiri? Je, hiyo si furaha ya mwenzetu? Ni furaha, ila harusi ina kamati, kadi na ratiba kama ulivyo msiba. Furaha ninayoizungumzia ni ile inayokuinua wewe peke yako na kumwacha mwenzako alipokuwa: cheo, shahada, kiwanja ulichonunua, mtoto wako kufaulu wa kwake alipofeli. Hakuna desturi inayomlazimisha mtu kushangilia jambo la namna hiyo. Akishangilia, ametoa cha kwake. Kusikia wivu kidogo ni ubinadamu, na rafiki naye ni binadamu. Tofauti ni kwamba yeye huumeza, halafu huuliza, "Unaanza lini?"

Na wasiwasi je? Rafiki haruhusiwi kukutahadharisha? Anaruhusiwa, tena ni wajibu wake. Lakini rafiki mwenye wasiwasi wa kweli hufurahi nawe kwanza, kisha kesho yake hukaa nawe mkapiga hesabu za hatari. Anayetangulia kuhesabu hatari kabla hujamaliza sentensi, na akafanya hivyo kila mara, anakupunguza.

Anakusemaje ukiwa haupo?

Mwaka 1984 Michael Argyle na Monika Henderson wa Chuo Kikuu cha Oxford walitaka kujua kama urafiki una kanuni ambazo watu huzifuata bila kuandikiana. Waliwauliza watu wa Uingereza, Italia, Japani na Hong Kong. Kanuni zilizojitokeza kuwa na uzito zaidi zilikuwa sita: kumtetea rafiki asipokuwepo, kumshirikisha habari za mafanikio yako, kumpa moyo, kuaminiana na kuambiana ya moyoni, kujitolea kumsaidia anapohitaji, na kujitahidi kumfurahisha mnapokuwa pamoja. Walipochunguza urafiki uliovunjika, waliyoyakuta yalikuwa kinyume cha hayo: wivu, siri iliyotoka nje, kukosoana mbele za watu.

Hapa pana ugumu mmoja. Utajuaje unavyosemwa mahali ambapo haupo? Njia ni kutazama anavyowasema wengine nawe upo. Anayekuletea siri za Asha leo, kwa sauti ya chini na "usimwambie mtu", kesho atampelekea Asha za kwako kwa sauti ileile. Kinyume chake, ukimsikia kijiweni akisema, "Huyo hayupo, mwacheni hadi aje ajisemee," umeshaona atakavyokuwa zamu yako ikifika.

Anasaidia bila kukushusha?

Msaada una sura mbili, na rafiki mwema hujua kuzitofautisha. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa sheria waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa uwakili wa New York, mtihani unaowanyima watu usingizi. Mwanafunzi na mwenza wake waliandika shajara kila siku, kila mmoja kivyake. Mwenza aliandika kama ametoa msaada, na mwanafunzi aliandika kama ameupokea. Ilionekana kwamba msaada uliotolewa bila mpokeaji kuutambua ndio uliohusiana zaidi na kupungua kwa huzuni. Msaada alioujua ulikuja na mzigo: ulimkumbusha kwamba yeye ni mtu wa kusaidiwa.

Wanawake wa pwani wamekuwa wakilifanya hili bila kusubiri shajara. Mmoja akisikia mwenzake amekwama ada ya mtoto, anaweza kuandika kikundini, "Jamani tumchangie." Anaweza pia kwenda kwake jioni na kusema, "Shoga'ngu, Jumapili nina ugeni. Nipikie maandazi na vitumbua, na pesa yake shika kabisa." Ada italipwa kwa njia zote mbili. Kwa njia ya pili, mwenye shida anabaki na heshima yake, na kesho anamtazama mwenzake usoni bila kuinamisha macho.

Haina maana kwamba misaada yote ifichwe. Gharama ya upasuaji haifichiki, na michango ya wazi imeokoa wengi. Alama ya kuitazama ni kinachofuata: je, aliyekusaidia anakukumbusha? Anakutajia mbele za watu? Anakuja kudai utii badala ya fedha? Msaada unaogeuka deni lisilo na kikomo ni ubwana uliovaa nguo za urafiki.

Anakufariji tu, au anakutoa ulipokwama?

Kuna urafiki unaoonekana wa karibu sana kwa sababu wawili hao huambiana kila kitu. Mwaka 2002 Amanda Rose, mtafiti wa Marekani, alichapisha uchunguzi kuhusu watoto na vijana wanaokaa na rafiki zao wakilirudia tatizo lilelile kila siku: alivyosema, alivyonitazama, alimaanisha nini, itakuwaje. Aliona mambo mawili kwa pamoja. Vijana hao walijihisi karibu zaidi na rafiki zao, na walikuwa na dalili zaidi za huzuni na wasiwasi.

Wakubwa nasi tumo. Mume wa mtu anasemwa Jumatatu, anasemwa Alhamisi, anasemwa mwezi ujao, na hakuna hatua hata moja iliyochukuliwa. Rafiki mwema husikiliza mara ya kwanza bila kukatiza. Mara ya tano huuliza, "Sasa tunafanya nini?" Pengine huongeza jambo gumu: "Na wewe hapo ulikosea." Hulisema faraghani na kwa upole, na haondoki baada ya kulisema. Hayo humtenga na mtu anayekuchamba hadharani kisha akajisifu kuwa yeye ni mkweli. Humtenga pia na yule ambaye vijana wa Tanzania humwita chawa, anayesifia kila ufanyalo madhali mfuko wako haujakauka.

Leo asali, kesho shubiri

Kwa adui tunajua pa kukaa. Anayetuchosha zaidi ni rafiki asiyetabirika: leo anakukumbatia, kesho anakucheka mbele za watu, keshokutwa anakuletea zawadi. Mwaka 2003 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walivalishwa vipimo vya shinikizo la damu wakaendelea na shughuli zao, huku wakieleza kila mara walikuwa wakizungumza na nani. Shinikizo lilipanda zaidi walipokuwa na watu ambao uhusiano nao ulichanganya mapenzi na maudhi. Mwili haukutulia, kwa kuwa haukujua safari hii utapata lipi.

Basi jiulize swali ambalo kichwa hulikwepa: simu yake ikiita na jina lake likatokea, unajisikiaje kabla hujapokea? Jibu la mara moja halitoshi kumhukumu mtu. Likiwa lilelile kwa miezi, ulisikilize.

Naye anakuhesabu?

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, Abdullah Almaatouq na wenzake waliwachunguza wanafunzi 84 wa darasa moja na kumtaka kila mmoja ataje rafiki zake. Wanafunzi hao walitarajia kwamba asilimia 94 ya waliowataja nao wangewataja. Ilipohesabiwa, waliotajana pande zote mbili walikuwa asilimia 53. Karibu nusu ya urafiki ulikuwa wa upande mmoja, na mwenyewe hakujua.

Hili halina haja ya kutuvunja moyo. Linatufundisha kuangalia mzunguko: nani huanza kupiga simu, nani huuliza ya mwenzake, nani husafiri kumfuata mwingine. Usawa wa kila wiki hauwezekani, kwani mwenye mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani hana nafasi. Usawa wa miaka unawezekana, na huonekana.

Tena urafiki unataka muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba watu wasiofahamiana vizuri huhitaji takribani saa 50 pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, saa 90 ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya saa 200 kufikia urafiki wa ndani. Saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito kama zile za maongezi na mapumziko. Robin Dunbar wa Oxford naye amekuwa akieleza kwamba watu wetu wa ndani kabisa, ndugu wakiwemo, huwa kama watano hivi. Ukijumlisha hayo mawili, utaelewa kwa nini mtu mwenye majina elfu moja kwenye simu anaweza kukosa wa kumwambia kwamba amefukuzwa kazi.

Kabla ya kumhukumu mtu

Alama hizi usizitumie kama rungu. Hakuna rafiki anayezitimiza zote kila siku, na mtu aliyekuitikia kwa ubaridi Jumanne huenda alikuwa na homa, au amekopa na hajui atalipaje. Tazama mwenendo wa miezi. Wengine watakuwa wazuri wa kucheka nao na dhaifu wa kutunza siri. Hao wape vicheko, siri zako ziweke kwingine. Kuvunja urafiki ni hatua ya mwisho, na inamstahili yule ambaye umemwambia kwa maneno wazi kinachokuumiza naye akaendelea.

Kisha uzigeuze alama hizi kwako mwenyewe. Mtu akikuletea habari njema wiki hii, weka simu chini, umuulize maswali mawili kabla ya kutoa neno la tahadhari. Na kama wakati wa kusoma umekujia jina la mtu ambaye amezitimiza nyingi kati ya hizi, nawe hujamjulia hali tangu mwaka jana, mpigie kabla hujaianza sura ya sita.